Mgeni alikuja, mtoto wa nyumbani akafichwa: uchambuzi wa kisa cha James Peters, 1906

Jumatano ya tarehe 17 Oktoba 1906 uwanja wa Devonport, kusini magharibi mwa England, ulifurika. Timu ya kaunti ya Devon ilikuwa inawapokea wageni waliokuwa gumzo la nchi nzima msimu ule: Afrika Kusini, katika ziara yao ya kwanza ya raga kwenye visiwa vya Uingereza. Masimulizi yanataja watazamaji 20,000 hivi. Wameshalipa viingilio, wamesimama, wanasubiri. Timu hazitoki.

Ndani, wageni walikuwa wamegoma. Ubishi haukuwa wa mwamuzi wala wa hali ya uwanja. Walikuwa wamemwona mtu mmoja katika kikosi cha Devon, James Peters, anayecheza nafasi ambayo leo tungeiita namba 10. Peters alikuwa mweusi, na wao hawakuwa tayari kucheza raga na mtu mweusi.

Mechi ilichezwa. Peters alicheza. Afrika Kusini walishinda 22 kwa 6. Lakini wiki saba na siku tatu baadaye, tarehe 8 Desemba, England ilipokutana na wageni walewale kwenye uwanja wa Crystal Palace, London, jina la Peters halikuwamo kikosini. Swali la uchambuzi huu ni dogo: kwa nini Oktoba aliweza kucheza, na Desemba hakuweza?

Kwanza, huyu Peters ni nani. Alizaliwa Salford, Lancashire, mwezi Agosti 1879. Baba yake, George, alitoka Jamaica na alikuwa mfunza simba kwenye sarakasi. Mama yake, Hannah Gough, alikuwa Mzungu wa Shropshire. Baba aliuawa na simba ndani ya tundu, akifanya kazi yake. Mtoto naye akaingia sarakasini, akawa mpanda farasi wa maonyesho, yule anayepanda farasi mtupu bila tandiko, hadi alipoumia akiwa na umri wa miaka 11 hivi. Sarakasi haina kazi na mtoto aliyevunjika. Wakamwacha. Akaishia kwenye vituo vya yatima vya London, kwanza Southwark, kisha Greenwich, na huko ndiko alikofundishwa uchapaji na useremala. Huko pia ndiko alikojulikana kwa michezo: mbio, kriketi, raga, kote akiwa nahodha.

Mwaka 1898 alihamia Bristol kutafuta kazi, na kuanzia 1900 akaichezea klabu ya mji huo. Mapokezi hayakuwa ya maua. Inasimuliwa kwamba mjumbe mmoja wa kamati ya klabu alijiuzulu kwa sababu yake, na gazeti la mji likanung'unika kwamba anamzibia Mzungu nafasi. Mwaka 1902 akahamia Plymouth, akawa seremala, akajiunga na timu ya huko na baadaye timu ya kaunti. Hapo alipata kwao. Plymouth na Devonport ni miji ya bandari na ya karakana za manowari, na raga ya huko ilichezwa na mafundi na mabaharia. Kwa watu wa namna hiyo swali la kwanza juu ya mtu ni kama anaiweza kazi, na Peters aliiweza. Mwaka 1906 Devon walitwaa ubingwa wa kaunti za England, naye ndiye aliyekuwa akiuchukua mpira kutoka kwa mafowadi, wale wa mbele wanaoupigania, na kuamua uende wapi.

(Wanaoifuatilia Shujaa, timu ya Kenya ya wachezaji 7, wakumbuke kwamba hapa tunazungumzia raga ya wachezaji 15, ambamo namba 10 ndiye ubongo wa timu. Si mtu wa kuchukuliwa kujaza idadi.)

Sasa tuangalie jinsi England ilivyomwita, kwa sababu namna alivyoingia inaeleza namna alivyotolewa. Msimu wa 1905/06 ulikuwa wa aibu. Desemba 1905 New Zealand waliifunga England 15 kwa 0 palepale Crystal Palace. Januari Wales wakashinda 16 kwa 3. Februari Ireland wakashinda 16 kwa 6. Kamati ya uteuzi ya chama cha raga cha England ilikuwa imeishiwa visingizio, na Devon ilikuwa na mchezaji aliyekuwa akisifiwa kila wiki. Akaitwa kwa mechi ya Uskoti, Edinburgh, tarehe 17 Machi 1906. Gazeti la Yorkshire Post lilisema wazi kwamba uteuzi wake haupendwi na wengi kwa sababu ya rangi. England ikashinda 9 kwa 3. Siku tano baadaye akacheza tena, Paris, katika mechi ya kwanza kabisa baina ya England na Ufaransa: 35 kwa 8.

Yaani timu iliyokuwa imepigwa mara tatu mfululizo ilishinda mara mbili mfululizo mara tu alipoingia. Sisemi alishinda peke yake, raga haiko hivyo. Nasema tu kwamba mwezi Machi 1906 hakuna aliyeweza kudai kuwa James Peters alikuwa amejaribiwa akashindwa.

Turudi Devonport. Kisa cha kugoma kimesimuliwa mara nyingi, na toleo lililozoeleka linasema Kamishna Mkuu wa Afrika Kusini, aliyekuwapo uwanjani, aliingia chumba cha kubadilishia nguo akawabembeleza vijana wake wacheze, maana umati ungeweza kuzusha fujo. Toleo hili lina tundu ambalo wasimulizi hulivuka bila kuangalia chini. Mwaka 1906 hapakuwa na nchi inayoitwa Muungano wa Afrika Kusini. Ulizaliwa tarehe 31 Mei 1910. Kulikuwa na Cape, Natal, Transvaal na koloni la Mto Orange, na makoloni yalikuwa na mawakala wao London. Aliyekuwa na cheo cha Kamishna Mkuu alikuwa mtumishi wa Mfalme wa Uingereza, na ofisi yake ilikuwa kulekule Afrika, si London. Kwa hiyo cheo kimepachikwa baadaye, na watu waliozoea dunia ya baada ya 1910. Hilo haliui kisa. Linatuonya tu kwamba kilipita midomo mingi kabla ya kutufikia, na kwamba mambo ya kushikilia ni yale yaliyobaki kwenye rekodi: mechi ilichezwa, Peters alicheza, wageni walishinda.

Na tukilichukua toleo lile kwa kiini chake, linatupa jambo la maana sana. Aliyewashawishi wageni hakuwaambia kwamba ubaguzi ni dhambi. Aliwaelekeza kwa umati. Wako elfu ngapi pale nje, wamelipa, ni wafanyakazi wa karakana walioacha kazi Jumatano mchana, na wamekuja kumwona mtu wao. Peters alilindwa na mlango wa kiingilio. Devon nao wasingeweza kumtoa hata kama wangetaka, kwa sababu wangemtoa mbele ya macho ya watu.

Kwa kamati ya London mambo yalikuwa kinyume chake. Kamati hukaa chumbani. Huandika majina ya walioteuliwa, haiandiki majina ya walioachwa, wala sababu. Hapo hapahitajiki mtu wa kugoma, kwa kuwa hakuna umati wa kuhesabu. Kinachotakiwa ni kukaa kimya tu. Waswahili tunasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na huu ni mshindo ambao haukusikika hadi miaka mingi ilipopita.

Kwa nini kamati ingetaka kuwafurahisha wageni kiasi hicho? Jibu halimo ndani ya raga. Vita vya Waingereza na Makaburu vilikuwa vimekwisha tarehe 31 Mei 1902, miaka minne tu kabla. Waingereza walikuwa wameteketeza mashamba ya Makaburu na kuwafungia wanawake na watoto kwenye kambi ambamo maelfu walikufa. Sasa serikali ya London ilitaka suluhu, na timu hii ilikuwa picha ya suluhu: Makaburu na wazungu wenye asili ya Kiingereza wakivaa jezi moja ya kijani, chini ya nahodha mmoja, mwalimu Paul Roos wa Stellenbosch. Jina la Springboks, swala wale wa kusini, lilizaliwa katika ziara hiyohiyo. Desemba hiyohiyo Transvaal ilipewa serikali yake ya ndani.

Suluhu ilikuwa na bei, na aliyelipa hakuwa Mwingereza wala Kaburu. Kifungu cha 8 cha mkataba wa Vereeniging, uliomaliza vita vile, kiliahirisha suala la haki ya kura ya Waafrika hadi baada ya makoloni yale kupata serikali zao za ndani, maana yake hadi pale ambapo wenye kuamua watakuwa walewale wasiotaka. Mwaka huohuo wa 1906 huko Natal wananchi wa Kizulu waliokataa kodi ya kichwa chini ya chifu Bambatha walipigwa risasi kwa mamia. Waingereza na Makaburu walipatana kwa kumweka mtu mweusi kando. Ukilitazama hivyo, kikosi cha tarehe 8 Desemba ni mkataba uleule umeandikwa kwa herufi ndogo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu wa pwani. Hapa mgeni alikuja na mwenyeji akamfungia mwanawe chumba cha nyuma.

Lakini uchambuzi wa haki lazima uisikilize kamati pia, ingawa kamati yenyewe haikusema kitu. Mtetezi wake ana hoja, na si dhaifu kama tungependa. Kwanza, nafasi ile ilikuwa na ushindani. Adrian Stoop wa klabu ya Harlequins, aliyecheza sambamba na Peters kule Edinburgh, ni miongoni mwa walioibadilisha raga ya England kwa akili, na kumchagua Stoop si ubaguzi. Pili, wateuzi wa enzi ile walibadilisha wachezaji kama mtu anayebadilisha shati. Wengi walicheza mechi moja, wakasahauliwa. Tatu, na hii ndiyo hoja nzito: wageni walikwisha kuondoka baada ya mechi yao ya mwisho Paris tarehe 3 Januari 1907, lakini England ikacheza na Ufaransa tarehe 5 na Wales tarehe 12 bado bila Peters. Kama tatizo lilikuwa Afrika Kusini tu, kwa nini asirudi hapohapo?

Nimeipima hoja hiyo ya tatu mara kadhaa. Ina uzito, lakini inaanguka yenyewe. Kamati iliyomtoa mtu kwa sababu isiyotajika haiwezi kumrudisha siku wageni wanapopanda meli, maana kwa kumrudisha ingekuwa imeitaja. Ilifanya kile ambacho kamati zote hufanya: ikaendelea na waliokuwapo. Ufaransa ya wakati ule haikuwa mtihani, England ikashinda 41 kwa 13. Kisha Wales wakaja na 22 kwa 0. Baada ya kipigo hicho, mechi iliyofuata, Dublin tarehe 9 Februari, nani yupo namba yake? Peters. Na Machi dhidi ya Uskoti, Peters tena. Mechi zote mbili England ilipoteza, 17 kwa 9 na 8 kwa 3, lakini hilo ni jambo jingine. Ninachotaka msomaji akione ni mtindo: Machi 1906 aliitwa baada ya aibu, Februari 1907 akaitwa baada ya aibu. Timu ikiungua, anaitwa kuzima moto. Siku ya sherehe, wageni wa heshima wakiwa mezani, hayupo.

Pia tazama waliokuwamo siku ya Crystal Palace. Kikosi kilikuwa na watu wa Devon, kwa hiyo kamati haikuwa na chuki na raga ya kule magharibi. Na kulikuwa na Freddie Brooks, winga aliyekuwa akiishi Rhodesia (Zimbabwe ya leo) na ambaye wakati huo alikuwa nyumbani kwa likizo. Akaitwa, akacheza mechi yake ya kwanza na ya mwisho ya England, na ndiye aliyefunga trai ya England, yaani aliyeugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani. Siku hizo trai ilikuwa na pointi 3, si 5 kama leo, na mechi ikaisha 3 kwa 3, trai moja kila upande. Sijui kama kuna kejeli iliyopangika kuliko hiyo. Mlowezi aliyeishi kusini mwa Afrika alistahili kuivalia England jezi dhidi ya Afrika Kusini. Mzaliwa wa Salford, yatima wa Greenwich, fundi wa Plymouth, hakustahili.

Kuna kitu kingine kinachopaswa kuwekwa mezani, na wanaosimulia kisa hiki kama cha rangi peke yake hukipita haraka mno. Peters alikuwa pia fundi seremala. Tangu 1895 raga ya England ilikuwa imepasuka vipande viwili juu ya swali la fedha: vilabu vya kaskazini, vyenye wachezaji wachimba makaa na wafanyakazi wa viwanda, vilitaka kuwafidia ujira wa siku walizokosa kazini, wakubwa wa chama wakakataa, na kaskazini wakajitenga. Waliobaki walisimamia raga ya ridhaa, ambayo kwa maneno ya mtaani ni raga ya mwenye uwezo wa kukosa mshahara wa siku. Plymouth na Devonport walibaki upande huo, lakini mioyo yao na mifuko yao ilifanana na ya kaskazini. Mchezaji wa chuo kikuu cha Oxford aliposafiri kwenda Edinburgh alipoteza siku ya vitabu. Peters alipoteza ujira.

Ndiyo maana anguko lake la mwisho halikuja kwa jina la rangi. Mechi yake ya 5 na ya mwisho kwa England ilikuwa Januari 1908 dhidi ya Wales, huko Bristol, mji uleule uliomnung'unikia ujanani, katika ukungu mzito kiasi cha watazamaji kutouona mpira. Wales walishinda 28 kwa 18. Miaka miwili baadaye hivi alipoteza vidole 3 katika ajali karakanani. Fundi asiye na vidole, mcheza raga asiye na vidole, na bado aliendelea kucheza. Kisha mwaka 1912 chama kikazichunguza klabu za Devon kwa kuwalipa wachezaji, na Peters akawa miongoni mwa waliofungiwa. Akiwa na umri wa miaka 33 akaenda kaskazini kwenye raga ya kulipwa, kwanza Barrow mwaka 1913, halafu St Helens mwaka 1914. Haikudumu. Mwili ulikuwa umechoka, na vita vikaja.

Kwa hiyo nikiulizwa nani anabeba lawama, siwarundikii wachezaji wa Afrika Kusini mzigo wote. Wao angalau walisema walichokuwa nacho moyoni, wakashindwa na umati, wakacheza. Lawama kubwa naiweka kwenye kamati iliyojifunza kutoka Devonport somo potofu. Devonport ilionyesha kwamba wageni wakibanwa watacheza. Kamati ingeweza kuondoka na ujumbe huo: mpangeni, watalalamika, kisha watatoka uwanjani kama walivyotoka Oktoba. Yenyewe iliona tu kwamba kumpanga kunaleta kero.

Na somo hilo likarithiwa. Mwaka 1928 New Zealand walisafiri kwenda Afrika Kusini bila George Nepia, Mmaori, yaani mwenyeji asilia wa New Zealand, na mmoja wa mabeki bora waliowahi kuzaliwa nchini mwao. Mwaka 1968 kwenye kriketi, Basil D'Oliveira, chotara wa Cape Town aliyehamia England, alifunga mikimbio 158 dhidi ya Australia, na siku chache baadaye wateuzi wakamwacha nje ya ziara ya Afrika Kusini, wakisema ni sababu za kimchezo tu. Tofauti ni kwamba safari hii umma ulipiga kelele, mchezaji mmoja akajitoa kwa kuumia, D'Oliveira akaingizwa, na waziri mkuu wa Afrika Kusini, John Vorster, akaikataa timu. Wateuzi wa 1968 walitumia kalamu ileile ya 1906. Kilichobadilika ni kwamba sasa kulikuwa na watu dirishani wanaochungulia.

Peters alirudi Plymouth, akaendelea na useremala, akafariki huko mwezi Machi 1954. England haikumpanga mchezaji mwingine mweusi hadi Machi 1988, Chris Oti, miaka 80 baada ya ukungu wa Bristol.

Ukifungua rekodi za England leo, mstari wake ni mfupi. 1906: Uskoti, Ufaransa. 1907: Ireland, Uskoti. 1908: Wales. Baina ya Ufaransa na Ireland kuna koma, au nukta, kutegemea na mchapaji. Peters mwenyewe aliwahi kusomea uchapaji.